Enzi na Mwenyezi

Yako maneno mawili yasemwayo juu ya Mungu na watawala, nayo hufanana kama pacha. La kwanza lasema: enzi yote ni ya Mungu, basi atawalaye na ajihadhari. La pili lasema: enzi yote ni ya Mungu, basi atawaliwaye na anyamaze. Mwanzo wa maneno haya ni mmoja, lakini mwisho wake umeachana kama mashariki na magharibi. Neno la kwanza ndilo uti wa mgongo wa Maandiko ya Kiebrania, tangu Torati mpaka Manabii. Neno la pili lilitungwa na wahubiri wa majumba ya wafalme na makarani wa wenye nguvu, kisha likabandikwa juu ya Maandiko hayo kama chapa ya uongo juu ya mzigo wa mtu mwingine. Makusudi ya makala haya ni kuibandua chapa hiyo.

Dai langu ni hili. Katika Maandiko ya Kiebrania, kauli ya kwamba nguvu ya mfalme yatoka kwa Mungu ni kauli ambayo mfalme huambiwa. Si kauli ya mfalme kujisifia. Kinywani mwa nabii ni hukumu. Kinywani mwa mwenye nguvu, mkono wake ukiwa ungali umeshika alichokinyang'anya, ni hila. Atakaye kujua kama kauli hiyo yatumiwa kwa haki asikitazame kinywa, autazame mkono. Je, mkono huo watwaa au waachilia?

Lugha yetu imekwisha kutuandalia njia. Tunamwita Mungu Mwenyezi, yaani mwenye enzi, na enzi kwetu ni nguvu, ni utukufu, tena ni utawala. Mwanadamu naye twasema amekaa katika kiti cha enzi, wala hatusemi kwamba yeye ni mwenyezi. Tofauti hii si ndogo. Kiti ni kitu cha kukaliwa, na kila kikaliwacho huachwa. Ugomvi wote wa manabii wa Israeli ulikuwa na watu waliokaa kitini muda mrefu hata wakadhani kwamba kiti na enzi ni kitu kimoja.

Tuanze na majirani wa Waisraeli, maana bila ya kuwatazama hao hatuwezi kuuona upya wa jambo lililosemwa na Waebrania. Mwaka 1901 na mwaka uliofuata wachimbaji wa Kifaransa walifukua huko Susa, katika nchi ya Uajemi, jiwe jeusi lenye kimo cha zaidi ya mita 2, ambalo sasa limewekwa katika jumba la Louvre mjini Paris. Juu yake imechongwa sura ya Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 K.K., amesimama mbele ya Shamash, mungu wa jua na wa haki. Chini ya sura hiyo zimeandikwa sheria ambazo wanachuoni huzihesabu kuwa 282. Katika dibaji mfalme asimulia jinsi miungu ilivyomwita kwa jina ili aidhihirishe haki katika nchi. Tuseme kweli: nyingi katika sheria hizo ni za busara, na baadhi yake zafanana na zile za Torati. Lakini aliyezitoa ni nani? Ni mfalme. Miungu ilimchagua yeye, na sheria ni yake.

Sasa na tuifungue Torati. Haimo hata sheria moja iliyotiwa jina la mfalme. Sheria ilitolewa jangwani, katika mlima Sinai, kwa watu waliotoka utumwani, kabla hawajawa na mfalme wala mji wala jeshi la kudumu. Aliyeipokea, Musa, hakuwa mfalme, na hata kaburi lake halijulikani. Mfalme alipokuja kutajwa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 17, alitajwa kama mtu wa kuwekewa mipaka: asijiongezee farasi, asijiongezee wake, asijirundikie fedha na dhahabu. Kazi moja tu aliyoagizwa waziwazi ni kujiandikia nakala ya sheria na kuisoma siku zote za maisha yake, ili moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Na tulizingatie neno hilo, ndugu. Huko Babeli mfalme ni mtunzi wa sheria; hapa mfalme ni mnakili wake. Huko raia huisoma sheria ili wamjue mfalme. Hapa mfalme huisoma sheria ili asijisahau kwamba ni mmoja wa raia.

Habari iliyo kubwa kuliko zote katika shauri hili ni ile ya kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 8. Wazee wa Israeli walimjia nabii wakaomba mfalme, wapate kuwa kama mataifa mengine. Mungu alimwambia Samweli kwamba aliyekataliwa si yeye, bali ni Mungu mwenyewe, asiwe mfalme wao. Hata hivyo alimwamuru awape walichokitaka, baada ya kuwaonya. Onyo lenyewe limejengwa juu ya kitenzi kimoja, kutwaa, ambacho katika Kiebrania chatokea mara 4. Wana watatwaliwa wapige mbio mbele ya magari ya vita. Binti watatwaliwa wapike na kuoka. Mashamba yaliyo bora yatatwaliwa wapewe watumishi wa mfalme. Watumwa na punda watatwaliwa kwa kazi yake. Zaka, ambayo ni fungu la Mungu, yatajwa mara 2 kuwa mfalme ataitoza yeye. Mwishowe watu wenyewe watakuwa watumwa wake, nao watalia. Na neno litumikalo kwa kilio hicho ni lile lile litumikalo katika kitabu cha Kutoka kwa kilio cha watumwa wa Misri. Mfalme aliyeombwa ili awaokoe atawarudisha Misri bila ya kuwavusha bahari.

Mtu yeyote asiye na faida yake katika jambo hili angedhani kwamba onyo kama hilo haliwezi kugeuzwa kuwa sifa. Walakini liligeuzwa. Kile alichokitangaza Samweli chaitwa kwa Kiebrania mishpat ya mfalme, na neno mishpat laweza kuwa hukumu, laweza kuwa haki, laweza pia kuwa desturi. Je, Samweli alieleza haki ya mfalme au mazoea ya wafalme? Katika Talmudi ya Babeli, kitabu cha Sanhedrini, walimu walibishana: mmoja alishika kwamba yote yaliyotajwa ni halali kwa mfalme, na Rav alishika kwamba yalinenwa kwa kuwatisha watu tu. Mabishano hayo yalikuwa ya wanachuoni wasiokuwa na kiti cha kukilinda. Mwaka 1598 aliingia mtu mwenye kiti. James, mfalme wa Uskoti, ambaye mwaka 1603 alipata na taji la Uingereza, aliandika kitabu juu ya sheria ya falme huru, akaishika sura hii hii kuwa nguzo yake. Kwa rai yake, Samweli aliwaambia watu mapema madhila yatakayowapata ili wajiweke tayari kuyavumilia. Maadamu walisikia na bado wakaomba mfalme, basi hawana haki ya kumwondoa. Onyo likawa mkataba, na kilio cha watu kikawa sahihi yao. Mwezi Januari mwaka 1776, mjini Philadelphia, Thomas Paine alichapisha kijitabu kilichoishika sura ile ile, akaisoma kama ilivyoandikwa: kwamba ni shtaka la Mungu juu ya ufalme wenyewe. Paine hakuwa mcha Mungu wa kawaida, na James alijihesabu kuwa mwanatheolojia. Hata hivyo katika sura hii aliyesoma sawasawa ni yule asiyekuwa na taji la kulitetea.

Ushahidi wangu si Paine, ni kitabu chenyewe kiendeleavyo. Sulemani aliweka shokoa. Watu 30,000 walipelekwa Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Nyumba ya Mungu aliijenga kwa miaka 7, na nyumba yake mwenyewe kwa miaka 13. Msimulizi ameziweka hesabu hizo jirani, naye hakuhitaji kuongeza neno. Sulemani alipokufa, yapata mwaka 930 K.K., makabila ya kaskazini yalimjia mwanawe Rehoboamu kuomba nira ipunguzwe. Rehoboamu aliacha shauri la wazee, akafuata la vijana waliolelewa pamoja naye, akawatishia mateso makubwa kuliko ya baba yake. Makabila yakaondoka, na msimamizi wa shokoa akapigwa kwa mawe hata akafa. Je, Mungu alikuwa upande gani? Hapa ndipo wahubiri wa majumba ya wafalme hupita haraka. Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 12, chasema wazi kwamba mgeuko huo ulitoka kwa Mungu, na Rehoboamu alipokusanya jeshi awarudishe waasi kwa nguvu, nabii Shemaya alimkataza. Enzi ya Mungu, ambayo twaambiwa kila siku kwamba ni ngao ya mtawala, hapa ilikuwa ngao ya watu waliochoka kubeba mawe.

Sitaki kuwadhulumu wapinzani wangu kwa kuficha silaha zao. Ya kwanza ni habari ya Daudi kumhurumia Sauli. Daudi alimpata Sauli mara 2 katika hali ya kuweza kumwua, wala hakumwua, kwa sababu alikuwa masihi wa Mungu, yaani mtu aliyetiwa mafuta. Wapinzani husema: tazama, mfalme haguswi hata akiwa dhalimu. Kweli, Daudi hakumwaga damu. Lakini je, alimtii? Alimkimbia, akakusanya watu 400 waliokuwa katika dhiki na madeni, akakata upindo wa vazi lake, akasimama mbali akampigia kelele mbele ya jeshi lake kwamba Mungu awaamue wao wawili. Mtu amkimbiaye mfalme, amshtakiye hadharani na kumwita mbele ya hakimu aliye juu zaidi hakufundisha utiifu wa kipofu. Alikataa kisu, hakukataa mashtaka.

Silaha ya pili ni kali zaidi. Yeremia, sura ya 27, alivaa nira shingoni akatangaza kwamba Mungu amezitia nchi zote mkononi mwa Nebukadreza mfalme wa Babeli, na kwamba asiyetaka kumtumikia ataangamia. Zaidi ya hayo alimwita mfalme huyo mtumishi wa Mungu. Je, hapa si pale pale walipotaka wapinzani wetu? Sipo. Kwanza, maneno hayo hayakupelekwa kwa mnyonge ili avumilie bwana wake. Yalipelekwa kwa wafalme, kwa mikono ya wajumbe wa Edomu, Moabu, Amoni, Tiro na Sidoni waliokuja Yerusalemu, na kwa Sedekia mfalme wa Yuda. Wenye viti ndio walioambiwa kwamba viti si vyao. Pili, Nebukadreza mwenyewe aliwekewa muda: yeye, mwanawe na mjukuu wake, kisha zamu ya nchi yake itafika. Tatu, aliyeyasema alikuwa akimwasi mfalme wake mwenyewe. Yehoyakimu alikikata kitabu cha Yeremia kwa kisu cha mwandishi, kipande kwa kipande, akakitupa katika makaa, naye Baruku akakiandika upya kwa kusomewa na nabii, kikiwa na maneno zaidi kuliko kwanza. Chini ya Sedekia nabii alitiwa kifungoni, kisha akashushwa katika birika la matope. Kama Yeremia ndiye mwalimu wa kunyamaza mbele ya wakuu, basi alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote wa somo lake.

Sipingi kwamba ziko zaburi zimsifuzo mfalme, na moja yamwita mwana wa Mungu. Zilikuwa nyimbo za nyumba ya mfalme, nazo hazikufichwa. Lakini hata katika hizo, zaburi ya 72 yampima mfalme kwa kipimo cha mnyonge na mhitaji, wala si kwa wingi wa askari. Tena tuyakumbuke yaliyopita. Yerusalemu iliteketezwa mwaka 586 K.K., kiti cha Daudi kikaanguka, na waliobaki wakakusanya vitabu. Watu wengine waliposhindwa walifuta aibu za wafalme wao. Hawa walihifadhi uzinzi wa Daudi, shokoa ya Sulemani na damu ya Nabothi katika kitabu kimoja na zile zaburi. Sijui njia iliyo dhahiri kuliko hiyo ya kusema kwamba mfalme si mwenye enzi.

Sasa natoka kwa wafalme wa nyumbani kwenda kwa wafalme wa dola kubwa, maana huko ndiko tofauti ya kinywa na mkono ionekanako wazi. Isaya, sura ya 10, aliiita Ashuru fimbo ya hasira ya Mungu. Papo hapo akauliza kama shoka laweza kujisifu mbele ya yule alishikaye, au msumeno mbele ya yule auvutaye. Mwaka 701 K.K. Senakeribu wa Ashuru aliishambulia Yuda. Maandishi yake mwenyewe, yaliyochorwa juu ya nguzo za udongo, yajigamba kwamba alitwaa miji 46 yenye maboma, akatoa humo watu 200,150, akamfungia Hezekia katika Yerusalemu kama ndege tunduni. Na kati ya mahari ya amani yake ataja talanta 30 za dhahabu, hesabu ile ile iliyoandikwa na Waebrania katika kitabu cha pili cha Wafalme. Hajigambi kwamba aliutwaa Yerusalemu, kwa kuwa hakuutwaa.

Katika vita hivyo lilitokea jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila ya kulitazama. Mjumbe wa Senakeribu alisimama chini ya ukuta wa mji, akasema kwa lugha ya Kiyahudi ili watu waliokaa ukutani wasikie, kwamba Mungu wao wenyewe ndiye aliyemwamuru aipande nchi hii na kuiharibu. Angalia vema! Mafundisho aliyoyatoa mjumbe yalikuwa karibu sawasawa na yale ya Isaya. Isaya alisema Ashuru ni fimbo mkononi mwa Mungu. Mjumbe alisema Mungu ametutuma. Kwa nini basi Isaya awe nabii na mjumbe awe mkufuru? Maneno ni yale yale, kinywa ndicho kimebadilika. Fimbo iliyotajwa na mwingine ni fimbo. Fimbo ijitajayo imekwisha kujifanya mkono. Nathubutu kusema kwamba mhubiri wa kwanza wa utiifu wa kipofu tunayemsikia akiyashika mafundisho ya enzi ya Mungu chini ya kuta za Yerusalemu hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa mjumbe wa jeshi la kigeni, na nyuma yake zilikuwa zinafuka moshi nyumba za Lakishi.

Mtu mwenye kusoma atanipinga kwa kunitajia Koreshi. Mfalme huyo wa Uajemi aliuingia Babeli mwaka 539 K.K. Juu ya pipa la udongo lililofukuliwa Babeli mwaka 1879, na ambalo limo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, yameandikwa maneno ya kwamba Marduk, mungu wa Babeli, alitafuta katika nchi zote akamchagua yeye. Kitabu cha Isaya, sura ya 45, chamwita Koreshi masihi wa Mungu wa Israeli, lakini chaongeza mara 2 kwamba yeye hamjui huyo aliyemwita. Cheo kikubwa namna hiyo alipewa mtu asiyekijua, hata asiweze kukifanyia biashara. Ni kweli, hata hivyo, kwamba kitabu cha Ezra chamwonyesha Koreshi akisema kwa kinywa chake kwamba Mungu amempa falme zote za dunia. Je, dai langu limevunjika? Tazama mkono. Katika tangazo hilo hilo awaruhusu mateka warudi kwao, na baadaye avihesabu na kuvirudisha vyombo 5,400 vya dhahabu na fedha vilivyoporwa hekaluni. Neko, Farao wa Misri, naye alimwambia Yosia kwamba Mungu amemtuma, na msimulizi akakubali. Lakini Neko alikuwa akiomba njia ya kupita, hakutaka nchi ya Yosia. Na Nebukadneza wa kitabu cha Danieli aliukiri ufalme wa Mungu baada ya kula majani kama ng'ombe. Mwenye nguvu ana ruhusa ya kuitamka kauli hii anapoachilia au anaposhushwa. Anapotwaa, hana.

Upande wa pili wako wapinzani wa namna nyingine, nao ni wa chuoni. Hawa husema: acheni kujidanganya, mafundisho haya yaliigwa kwa madhalimu wenyewe. Mwaka 672 K.K. Esar-hadoni wa Ashuru aliwaapisha wakuu waliokuwa chini yake kwamba watamtii mwanawe Ashurbanipal. Vibao vya kiapo hicho vilifukuliwa Nimrud mwaka 1955, na nakala nyingine ikafukuliwa Tell Tayinat, kusini mwa Uturuki, mwaka 2009. Waapao watakiwa kumpenda Ashurbanipal kama nafsi zao, kumfichua kila mnong'ono wa fitina, hata ukitoka kwa ndugu au kwa nabii. Nao wakivunja kiapo, mbingu zitakuwa shaba na ardhi itakuwa chuma. Kumbukumbu la Torati, sura ya 13 na ya 28, yaelekea mno kufanana na hayo. Manase mfalme wa Yuda ametajwa na Esar-hadoni miongoni mwa wafalme waliolazimishwa kupeleka vifaa vya ujenzi Ninawi. Basi, wasema wapinzani hao, Mungu wa Torati ni mfalme wa Ashuru aliyepandishwa mbinguni, na enzi yake ni utumwa ule ule.

Nakubali kufanana, nakataa tamati. Mtu aliyelazimishwa kuapa kwamba atampenda bwana wake kwa moyo wote, akienda akampa Mungu moyo wote, amemwachia bwana huyo nini? Hakuiga kiapo, amekinyang'anya. Dola lile lilidai mapenzi yasiyogawanyika, na watu hawa wadogo wa milimani wakajibu kwamba mapenzi ya namna hiyo yamekwisha kutolewa mahali pengine, wala hayakubakia ya kutosha kwa mwanadamu yeyote. Nyaraka za uasi huandikwa kwa lugha ya mwenye kuasiwa, maana ndiyo anayoifahamu. Nakiri kwamba sura ya 13, iamuruyo hata ndugu auawe akishawishi kuabudu miungu mingine, ni ngumu na ya kuogofya, wala siitetei. Yatuonyesha kwamba kiapo cha dola hubakiza sumu yake hata kikibadilishiwa mwenyewe. Lakini sumu ya chombo si hoja dhidi ya kazi kiliyofanya.

Sumu hiyo ina jina jingine: watu wa dini kujifanya wenyewe ndio enzi. Maandiko hayakulinyamazia jambo hili. Katika Betheli, siku za Yeroboamu wa pili, karne ya 8 K.K., kuhani Amazia alimfukuza Amosi, mchungaji na mtunza mikuyu, kwa hoja moja: kwamba Betheli ni mahali patakatifu pa mfalme na nyumba ya ufalme. Kuhani hakusema ni nyumba ya Mungu. Na mbele ya Ahabu manabii 400 walitabiri ushindi kwa sauti moja. Mikaya mwana wa Imla peke yake alisema kinyume, akapigwa shavuni, akatiwa gerezani. Ukweli haukuwa upande wa hesabu wala upande wa mahali patakatifu. Anenaye kwa jina la Mungu apimwe kwa kipimo kile kile cha mfalme: autazamwe mkono wake, na kama unashiba mezani kwa mfalme, maneno yake yapunguzwe thamani.

Limebaki kosa la watu wema. Hao hawamtetei dhalimu. Husema tu, aliye juu mngoje chini. Mpanda ngazi hushuka, Mungu ataleta siku yake, sisi tukae. Methali hizi zina hekima, lakini si hekima ya manabii. Nathani hakumngoja Daudi chini. Alipanda mpaka barazani akamsimulia habari ya mwana-kondoo wa maskini, akamwonyesha kwamba mtu yule ni yeye. Eliya hakumngoja Ahabu. Alimkuta katika shamba la mizabibu la Nabothi alilokwenda kulitwaa, Nabothi akiwa amekwisha kuuawa kwa ushahidi wa uongo. Mbele ya hao wote wametangulia wakunga wawili. Farao aliwaamuru waue kila mtoto wa kiume wa Kiebrania; wakamcha Mungu, wakawaacha watoto hai. Kitabu cha Kutoka kimehifadhi majina ya wakunga hao, Shifra na Pua. Jina la Farao yule, mwenye majeshi na maghala, hakikulihifadhi, na wanachuoni wangali wanabishana alikuwa nani.

Wala mtu asidhani kwamba haya ni mabishano ya magofu. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1983, ambayo iliwagawia bunge Wazungu, Machotara na Wahindi ikawaacha Waafrika nje, ilianza kwa kumnyenyekea Mungu Mwenyezi aongozaye mambo ya mataifa, ambaye eti aliwapa wazee wao ile nchi. Hayo yaliandikwa miaka 70 baada ya sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliyowafungia Waafrika katika asilimia 7 hivi ya ardhi. Maneno juu ya Mwenyezi yalikuwa sahihi kabisa, kama yalivyokuwa sahihi maneno ya mjumbe wa Senakeribu, na mkono ulikuwa ungali umeshika shamba la Nabothi. Mwaka 1985 wanatheolojia wa nchi hiyo hiyo, katika waraka uitwao Kairos, walisema wazi kwamba mungu wa dibaji ile ni sanamu. Karibu nasi zaidi, mwezi Februari mwaka 1977, maaskofu wa Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji. Tarehe 16 ya mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na serikali ikasema kwamba ni ajali ya gari. Waliomwambia mtawala kwamba yuko aliye juu yake hawakuwa waasi wa Mungu. Walikuwa wasomaji wake.

Basi nawaachia wanafunzi kazi moja. Mtakaposikia mtu yeyote, awe jukwaani, mimbarini au katika kitabu chenye jalada zuri, akisema kwamba nguvu yake au ya bwana wake imetoka kwa Mungu, msibishane naye juu ya Mungu, maana huenda juu ya Mungu amesema kweli. Mwulizeni ametwaa nini, cha nani, na atakirudisha lini.